Risiti ninayo, mbona napekuliwa?

Mhariri,

Naandika kuhusu upekuzi wa wateja katika maduka makubwa ya Nairobi. Ukaguzi wa silaha mlangoni nauelewa. Baada ya shambulio la Westgate la 2013, ni wachache wanaoulalamikia. Kinachonikera ni ule wa kutokea. Juzi nililipa, nikapewa risiti, na sikupiga hata hatua kumi kabla ya mlinzi kutia mkono kikapuni mwangu. Alichambua unga, sabuni, hata pedi za binti yangu, foleni nzima ikitazama. Kisha akaichora risiti kwa kalamu bila kuisoma. (Aliyenitangulia, mwenye suti, alipigiwa saluti akapita.)

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku mwaka 2017, tumehimizwa kutoka na vikapu vyetu nyumbani. Leo kikapu hichohicho ndicho kinachomtia mtu mashakani. Na Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutopekuliwa yeye mwenyewe wala mali yake.

Sikatai kwamba wezi wapo, na hasara yao hatimaye huingia kwenye bei tunayolipa. Lakini wenye maduka wanaweza kubandika vitambuzi kwenye bidhaa za bei ghali na kuweka mitambo ya king'ora mlangoni. King'ora kikilia, mteja aitwe kando, aulizwe kwa adabu, meneja akiwepo. Ikibainika hana kosa, aombwe radhi papo hapo, mbele ya haohao waliomwona akisimamishwa.

Mteja,
Nairobi