Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Ukerewe: kuni zinazovuka na magome yake

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Salaam kutoka Nansio. Mimi ni fundi mitumbwi, mzaliwa wa Ukara, kisiwa jirani humu Ziwa Victoria, na tezo nimeishika tangu nikiwa mtoto wa kutumwa misumari. Sijazoea kuwaandikia wakubwa. Ningekuja ofisini nikakaa kwenye benchi kama wengine, ila jambo lenyewe, la wadudu wanaovuka ndani ya kuni na magogo mabichi, linawagusa na wenzangu wa mialoni, mitumbwi inakotia nanga, ndiyo maana nimeliweka hadharani ili nao walisome, na mwenye la kunisahihisha anisahihishe.

Mwezi uliopita nilinunua magogo manne ng'ambo kwa ajili ya mataruma. Taruma, kwa asiyejua, ni ubavu wa mtumbwi. Fundi anayejipenda hakati taruma kwenye ubao ulionyooka. Anatafuta mti uliojipinda wenyewe. Miti ya namna hiyo hapa kisiwani siku hizi ni ya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo tunavusha. Magogo yakaja mabichi na magome yake, nikayaegemeza chini ya mparachichi nyuma ya karakana yakauke taratibu kivulini.

Siku ya tano asubuhi nikakuta gogo moja limeota ndevu. Vijiti vyeupe vya unga, vyembamba kama tambi, vimechomoza kwenye gome, ukivigusa vinabomoka. Nikavipangusa. Kesho yake vimerudi. Nikachukua shoka nikalipasua. Ndani kulikuwa na vijia vyembamba, kuta zake nyeusi kana kwamba mtu amepitisha sindano ya moto, na kwenye kimoja kijidudu cheusi, ukubwa wake haufiki punje ya ufuta.

Magogo yote manne niliyachoma siku hiyohiyo. Mke wangu alisema nimechanganyikiwa, na kwa hesabu ya fedha alikuwa na haki. Sisi mafundi wadudu wa mbao tumewazoea, na inawezekana huyu alikuwa wa siku zote. Kilichoninyima usingizi ni safari yake. Alipanda kivuko Kisorya upande wa bara, akashuka Rugezi hapa kisiwani, akapakiwa kwenye mkokoteni mpaka uani kwangu. Nauli yake nililipa mimi, na mimi mwenyewe sikuwa nimetazama gome hata mara moja.

Mheshimiwa, wa umri wangu hatuhitaji kuelezwa maana ya mdudu mgeni. Tunamkumbuka dumuzi. Alitoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na haikupita muda watu wakambatiza Scania, jina la lori. Mama yangu alikuwa na makopa ya muhogo juu ya dari. Ukichukua kopa moja, kwa nje zima, kwa mkononi jepesi kama ganda la yai, ukilibana linakuwa unga. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba dumuzi kwa asili yake ni mdudu wa miti. Anabungua mbao kavu na kuzaliana humo, mahindi na muhogo ni karamu aliyoikuta njiani. Alipokwishaingia, hakuna aliyemtoa. Hadi leo tunanunua dawa ya kuchanganya na mahindi, na watoto wetu wanadhani ndivyo dunia ilivyo tangu kuumbwa.

Sasa yuko mwingine, na ndiye ninayemwogopea. Wataalamu wanamwita Euwallacea fornicatus. Kwao ni Asia ya kusini-mashariki. Ana urefu wa milimita mbili hivi, na mbao yenyewe si chakula chake. Jike linatoboa tundu dogo kama la ncha ya biro, linaingia na mbegu za kuvu lilizozibeba mdomoni, linazipanda kwenye kuta za vijia kama mkulima, na watoto wake wanakula hicho kilimo. Kuvu inaziba mishipa ya maji ya mti. Matawi yanaanza kunyauka juu, huku chini mizizi imesimama kwenye maji. Ndugu kwa dada wanapandana humohumo ndani kabla ya kutoka, kwa hiyo jike likiruka tayari limebeba ukoo mzima. Moja tu linatosha kuanzisha makazi mapya. Na dawa ya kunyunyizia haimfikii, kwa sababu yumo ndani ya mti.

Mwaka 2017 alitambuliwa kwenye bustani ya mimea ya Pietermaritzburg, Afrika Kusini. Baadaye akaonekana Johannesburg, na Cape Town. Mwaka 2021 akajitokeza Perth, Australia, nchi yenye fedha, maabara na watu wa kutosha. Wakaweka karantini, wakakata maelfu ya miti, na mwaka 2025 serikali yao ikakubali kwamba kumfuta kabisa haiwezekani tena. Miti anayoishambulia ni ya aina nyingi sana. Parachichi anaipenda. Mnyonyo anaupenda. Jamii ya mikuyu hali kadhalika, na mimi sijui mwalo usio na mkuyu ambao watu hukaa chini yake kushona nyavu na kusubiri bei ya dagaa.

Hata hapa ziwani hatuna sababu ya kujiona tuko mbali. Wenzetu wa Uganda wana mdudu wa jamaa hiyohiyo anayetoboa vijitawi vya kahawa. Alionekana Bundibugyo mwaka 1993, na tangu hapo ameenea kwenye mashamba ya robusta ya nchi ile.

Ukisema miti ya Ukerewe, mtu wa mjini anafikiria shamba la miti la Rubya. Rubya ina wenyewe na ina walinzi. Mimi nasema miti ya uani: miembe, michungwa, miparachichi, mkuyu wa mwaloni. Kwetu Ukara, watu tulivyo wengi na ardhi ilivyo finyu, kila mti una mwenyewe, na mtoto anarithi mti kama anavyorithi ng'ombe. Mti ukifa pale, kuna mtu amefilisika.

Lakini tuna kitu ambacho Johannesburg haina. Tumezungukwa na maji. Mdudu huyu kwa mbawa zake haendi mbali, safari ndefu anasafirishwa na binadamu, hasa ndani ya kuni na magogo mabichi. Wilaya yako ina visiwa 38, na kila kimoja kina milango inayohesabika. (Wengi tunaliombea daraja, na mimi ni mmoja wao. Ila siku litakapokuja, mlango utakuwa wazi usiku na mchana, kwa hiyo heri tabia tuijenge sasa.)

Ninaloomba ni dogo. Kuni na magogo yasivuke na magome. Basi. Gome likibanduliwa ng'ambo, kila tundu linaonekana kwa macho ya kawaida, huhitaji hadubini wala mtaalamu kutoka Arusha. Gogo lenye matundu na unga lirudi au lichomwe palepale. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ipo, na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, ndiyo yenye wakaguzi, lakini siombi mkaguzi kila mwalo, hilo halitawezekana. Naomba ulipeleke kwa Mkurugenzi na Baraza la Madiwani liwe sheria ndogo ya halmashauri, na macho yawe ya BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo. Hao wanajua kila mtumbwi unaotia nanga, umebeba nini na wa nani. Wapewe nusu siku ya mafunzo na picha ya tundu lenyewe ibandikwe kwenye kibao cha mwalo, karibu na tangazo la nyavu haramu.

Najua swali litakalofuata: akina mama wanaokausha samaki kwa moshi watapata wapi kuni? Sitaki kuwa mtu aliyewatafutia mgambo kazi ya kuwanyang'anya kuni akina mama. Kuni zivuke, ila zibanduliwe. Zikishindikana kubanduliwa, zifunikwe kwa nailoni angavu juani wiki kadhaa kabla ya safari, joto linawaua humo ndani. Mkaa hauna shida hii, umekwishapita kwenye moto (mkaa una kesi yake nyingine, siigusi leo). Na mafundi samani wenzangu mnaopenda paleti, zile chaga za mbao za kupangia mizigo, kutoka Mwanza mjini, tafuteni muhuri wenye suke la ngano na herufi HT. Maana yake mbao ilipashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30. Isiyo na muhuri, iacheni hukohuko.

Jingine la mwisho ni kuhusu yule kijidudu wangu. Sikumchoma. Nimemtia kwenye chupa ya spiriti pamoja na kipande cha gome lenye tundu lake, nikaandika tarehe kwa kalamu ya seremala. Naomba ofisi yako inielekeze nimpeleke kwa nani, ili atazamwe na watu wanaomjua na tuambiwe ni wetu au ni mgeni. Karakana iko wazi kila siku isipokuwa Jumapili. Ukimtuma mtu nami nimetoka, chupa iko juu ya rafu, nyuma ya kopo la misumari. Kijana wangu atamwonyesha.

Wako mtiifu,
Fundi mitumbwi, Nansio