Barua kwa mwanangu: wale watoto 9 wa jedwali la pili

Mwanangu mpenzi,

Huku Dodoma hatujambo, baba yako anakusalimu. Tangu ulipopiga simu Jumapili sijatulia. Ulisema makala yako ya macho ya watoto imenukuliwa na watafiti wengine mara 2 tu kwa miaka 3, na sauti ikakukauka. Ile hesabu ya h ya kuwapima watafiti uliyonieleza nimeielewa: mwenye h ya 20 ana makala 20, na kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Sibishani nayo. Najua ajira yako na fedha za utafiti zinapimwa humo.

Lakini nisikilize. Huko huko London uliko, mwaka 1932, daktari Joseph Ellison aliwatibu watoto 600 wenye surua. Nusu yao aliwapa vitamini A na D, nusu hakuwapa. Kati ya 300 waliopewa walifariki 11. Kati ya 300 wasiopewa, 26. Akachapisha kwenye jarida la British Medical Journal mwaka huohuo. Baada ya hapo, kimya cha miaka 50.

Kimya hicho kilinikuta wodini. Nilianza kazi wodi ya watoto mwaka 1984, surua ikijaza vitanda, watoto wawiliwawili. Tuliwasafisha macho kwa maji ya chumvi, tukawafunika mwanga usiwaumize. Yupo binti wa miaka kama mitatu aliyeletwa anaona, akatoka ameshikwa mkono. Kioo cha jicho kililainika kikatoboka ndani ya siku 2, mimi nikiwa zamu. Jibu lilikuwa limeshaandikwa kabla sijazaliwa, na hakuna aliyetufundisha. Bado naumia, mwanangu.

Aliyelifungua upya jambo hili ni daktari wa macho kama utakavyokuwa wewe, Mmarekani Alfred Sommer. Alikwenda Indonesia miaka ya 1970 kutafiti ukavu wa macho unaoletwa na upungufu wa vitamini A, wala hakwenda kutafuta vifo. Mwishoni mwa 1982, akiwa anapitia majedwali yake, akaona watoto wasioona vizuri jioni, au wenye yale madoa meupe ya povu machoni, wanapungua kila awamu ya uchunguzi. Walikuwa wamekufa. Vifo vyao vilikuwa kama mara 4 ya vile vya wenzao wenye macho mazima. Akaandika kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1983, na hakuna aliyeshtuka. Ndipo akarudi na wenzake wa Indonesia hadi Aceh, vijiji 450, watoto wa nusu ya vijiji hivyo wakapewa vidonge vya vitamini A kila miezi 6. Majibu ya 1986: vifo vilipungua kwa asilimia 34. Hapo ndipo mabishano yakaanza, maana wengi hawakukubali kwamba kitu cha senti chache kinaweza kuokoa maisha kiasi hicho. Majaribio mengine yakafuata nchi nyingi, na mwaka 1997 akapewa tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya utabibu ya Marekani.

Hata hospitali yetu ya Mvumi, huku Dodoma, imo. Mwaka 1987 Barclay, Foster na huyohuyo Sommer walichapisha habari za watoto 180 waliolazwa pale kwa surua. Wasiopewa vitamini A walifariki 12 kati ya 92, waliopewa 6 kati ya 88. Ni makala ndogo. Ila mimi miaka yangu ya mwisho kazini nimekata ncha za vidonge hivyo kwa mkasi, vya bluu kwa wa miezi 6 hadi 11, vyekundu kwa waliotimiza mwaka, nikavikamua midomoni mwa watoto nisioweza kuwahesabu. Hakuna mama hata mmoja pale foleni aliyejua jina la Sommer.

Makala yako mdogo wako alinichapishia kwenye duka la steshenari. Nimeisoma mara 2, kalamu mkononi. Pale jedwali la pili, kati ya watoto waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, umeandika 9 hawakurudi kliniki, ukaendelea na wengine. Mimi niliishia hapo. Wanatoka vijiji gani? Kama ni vya upande wetu, nitumie majina ya vijiji tu, nauli ya pikipiki ninayo, nitaanza kuuliza kwa wahudumu wa afya wa huko kabla mvua hazijakata njia.

Mama yako