Chujio Haliondoi Chumvi

Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa bustani, ile iliyosema klorini, dawa iliyomo kwenye maji ya bomba, ndiyo inayoua maua ya nyumbani na kwamba kila mwenye makopo barazani anunue chujio, imenigharimu shilingi 185,000 na miasumini tisa. Nalisoma gazeti hili mwaka wa kumi na sita sasa na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Mimi natunga vikuba, vile vishada vya maua na majani yanayonukia wanavyovaa wanawake, hapa Dunda, Bagamoyo. Asumini nachuma alasiri, vitumba vikiwa bado vimefumba, mrehani nakata asubuhi, na mawaridi machache nayaweka kwa ajili ya maharusi. Vyote viko uani, kwenye makopo ya rangi na ndoo zilizopasuka. Si pambo, ndiyo ada za shule za wajukuu wangu wawili.

Yalianza majani ya mawaridi. Ncha zilikauka zikawa za kahawia, kama mtu kazipitishia kibiriti moja moja, kisha ukavu ukatambaa pembeni mwa jani. Juu ya udongo ukatanda utando mweupe nikadhani ni chokaa ya ukutani. Makala yenu ikatoka wiki ileile. Nikaenda kununua chujio la chungu lenye mkaa ndani, muuzaji akaniapia kwamba hakuna uchafu unaopita humo. Wiki tano nilikaa nakinga maji tone kwa tone, ndoo moja tangu magharibi hadi alfajiri, na miasumini ikaendelea kufa mmoja baada ya mwingine.

Aliyenifumbua macho ni kijana wa dada yangu, anayefanya kazi kwenye shamba la mboga. Alikuja na kipimo kidogo kama kalamu, unakichovya kwenye maji kinaonyesha namba, yaani miligramu za chumvichumvi kwa lita. Maji ya bomba yenyewe, pale yanapoingia kwenye kiwanja, yalisoma 190. Maji ya koki ya uani, yanayoshuka kutoka kwenye tangi, yalisoma 1,420. Hayo hayo ya tangi yakishapita kwenye chujio langu: 1,410. Nilimwambia arudie mara tatu. Kumbe mwenye nyumba wetu alichimba kisima baada ya ule mgao wa Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua, na tangu hapo kila bomba likikatika hulijaza tangi maji ya kisima, nayo ni ya chumvi. Hakutuambia wapangaji. Sisi tunafungua koki, tunasema ni maji ya Ruvu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, Mhariri. Chumvi imeyeyuka ndani ya maji. Chungu hakiizuii, mkaa hauishiki, na hata ukichuja kwa kitambaa mara mia itapita yote. Ukichemsha ndiyo unaizidisha, kwa kuwa maji yanakwenda na mvuke na chumvi inabaki sufuriani. Waulizeni watu wa mashamba ya chumvi ya Nunge, wao wanaivuna kwa jua tu. Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, alionisomea yule kijana unasema maji yenye chini ya miligramu 450 za chumvichumvi kwa lita hayana shida shambani, yakipita 2,000 ni balaa, na katikati hapo inategemea mmea. Waridi ni katika maua yasiyoistahimili kabisa. Nyinyi mkaacha yote hayo mkaikamata klorini! Klorini ya bomba ni kidogo mno, na ukiihofia, acha ndoo wazi usiku kucha, itatoka yenyewe bila senti moja. Tena imewekwa pale ili tusife kwa kipindupindu. Jirani yangu amesoma makala yenu akawaambia wanawe wasinywe tena maji ya bomba, wanywe ya kisima, kisima chenyewe kiko hatua kumi kutoka chooni. Mwandishi wenu aliwaza hilo?

Na hawa wauza maji wa mikokoteni nao. Kila dumu kwao ni la Ruvu, hata likichotwa nyuma ya nyumba yako unaliona. Mwezi uliopita nililipa madumu sita, nikaonja la kwanza, chumvi tupu. Kijana akanijibu, "Bibi, wewe unamwagilia maua, unaonja ya nini?" Maji ya kumwagilia ndiyo ya kuonja kwanza, kwa sababu mtu akiuona utando mweupe juu ya udongo mizizi imeshaungua.

Iko mashine inayosukuma maji kwa nguvu kwenye utando mwembamba na kuiacha chumvi nyuma, lakini bei yake si ya mtunga vikuba, na sehemu ya maji humwagwa. Nilichofanya mimi ni kukinga maji ya mvua kwenye pipa, na yale makopo yaliyobaki niliyamiminia hayo hadi yakachuruzika chini kwa muda mrefu, chumvi itoke na maji. Miasumini minne imepona.

Ninachotaka ni hiki. Kila kisima kinachouza maji kiwe na ubao mweusi wenye namba ya siku hiyo, iandikwe kwa chaki, tarakimu zenye kimo cha kiganja, na mwenye mkokoteni asiondoke bila kuiandika namba hiyo kwenye madumu yake. Mwenye nyumba anayechanganya maji kwenye tangi apake mfuniko rangi nyekundu. Nanyi mtoe masahihisho, ukurasa uleule, kwa ukubwa uleule wa makala ya kwanza, na picha ya jani lililoungua pembeni. Majani ninayo, nimeyahifadhi ndani ya gazeti lenu.

Mtunga vikuba,
Dunda, Bagamoyo