Barua kwa Wazazi na Walezi wa Darasa la Sita

YAH: KUFUNGA MUHULA NA KAZI ZA KUCHONGA SABUNI

Ndugu Wazazi na Walezi,

Muhula umekwisha salama na ripoti za maendeleo watoto wanakuja nazo leo. Wenye deni la mchango wa uji walimalize kabla ya shule kufunguliwa.

Nawapongeza kwa dhati watoto wetu kwa kazi walizozifanya katika vipindi vya sanaa, ambapo kila mmoja alitakiwa kuchonga, darasani au nyumbani, kifaa cha mashine kutoka kwenye kipande cha sabuni ya mche: nati, kapi, pangaboi au gia ya baiskeli. Mwalimu aliwaletea gia kuukuu waishike na kuhesabu meno yake, ndipo wakachora duara kwa bikari na kupima ukingo wake kwa nusukipenyo ileile, ikaingia mara sita kamili. Kila sehemu wakaigawa katikati, wakapata nafasi za meno 12 yaliyolingana. Waliochanganyikiwa somo hilo lilipokuwa ubaoni walilielewa lilipokuwa mikononi mwao. Walichonga kwa msumari na mpini wa kijiko, taratibu, kwa sababu sabuni ni kama mpingo wa Wamakonde au jiwe la sabuni la wachongaji wa Tabaka kule Kisii: ukishaondoa, huwezi kurudisha. Binti mmoja alichomeka gia yake kwenye msumari karibu na ndogo ya meno sita, akaisukuma kwa kidole. Ile ndogo ikazunguka mara mbili kubwa ilipozunguka mara moja, tena kwa kuelekea upande wa pili. Nilimwomba arudie mara tatu.

Katika furaha hiyo, kuna jambo lililonisikitisha sana. Kazi tano zilizoletwa kutoka nyumbani hazikuchongwa na watoto. Zilikuwa na alama za patasi, zimepigwa msasa, na nilipomuuliza mmoja wa watoto hao aliyagawaje meno ya gia yake, aliinamisha kichwa akaanza kulia. Mzazi uliyemlipa fundi, ulidhani unamsaidia mwanao, kumbe umemwachia aibu ambayo hakuitafuta, na umewavunja moyo wenzake waliokesha na sabuni zilizopinda na kuvunjika jino. Gia iliyovunjika jino ambayo mtoto ameichonga mwenyewe ina alama kwetu. Ile ya fundi haina, na zote tano nimeziondoa mezani. Vilevile wawili walikutwa na nyembe shuleni, ingawa tulizikataza kwa maandishi. Nyembe hizo ziko ofisini, na wazazi wao wazifuate wenyewe.

Shule itakapofunguliwa, watoto hao watano waje na kipande kipya cha sabuni, kisichokauka, maana iliyokauka hupasuka inapochongwa. Watachonga darasani mbele ya mwalimu wao, nami nitakuwepo.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu