Salim, kiti kwanza, kayaki baadaye

Bagamoyo

Ndugu yangu Salim,

Salaam nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Nimefurahi kusikia kuwa kikundi chenu cha Raskazone, Tanga, kinataka kuwashusha baharini na wenzetu wenye ulemavu. Umeuliza ununue kayaki gani, yaani kile chombo kidogo cha kupiga kafi. Swali hilo liache kwanza, tuanze na kiti, maana pesa nyingi hupotelea kwenye chombo kizuri ambacho mtu hawezi kukikalia.

Aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hana nguvu za tumbo na kiuno. Akipiga kafi, kiwiliwili kinalala upande, na chombo kinamfuata. Kwa hiyo mpe egemeo gumu linaloishia chini kidogo ya mafupa ya bega. Likipanda zaidi ya hapo linamzuia kugeuza mabega. Kisha ziba mapengo ya pande zote mbili za nyonga. Usitumie sponji ya godoro, inanyonya maji. Tafuta ile ngumu ya kandambili au ya mikeka ya mazoezi, uikate na kuibandika tabaka kwa tabaka mpaka imshike.

Chini ya makalio pasiwe na kifungo, mshono wala kichwa cha skrubu. Asiyehisi hatakwambia panapomchoma, na kidonda cha mgandamizo kinaweza kuchukua miezi kupona. Akirudi nchi kavu, mwenyewe au anayemhudumia akague ngozi. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo papaseni: penye joto au pagumu kuliko pembeni ni dalili mbaya. Na kayaki isiachwe juani kabla ya kupanda, plastiki ikipata moto inaunguza na mtu hajui.

Jambo moja sikubaliani nalo hata kidogo: kumfunga mtu kwenye chombo ili asidondoke. Kikipinduka, anabaki kichwa chini. Ashikwe na umbo la kiti, basi.

Sasa chombo. Chukua kayaki ya kukalia juu, yenye upana wa sentimita 80 hivi, fupi na nzito kiasi. Haifuniki miguu, kwa hiyo ikipinduka anatoka bila kuhangaika. Zile nyembamba za Paralimpiki, michezo ya dunia ya wenye ulemavu, ambako mbio za kayaki ziliingia Rio 2016, zinaweza kuwa na upana wa sentimita 50 tu. Hizo ni za wanaoshindana, msizitamani.

Kwa asiyeweza kabisa kujisawazisha ongeza matengo, yaani maboya ya pembeni, kama ya ngalawa. Mabomba mawili ya plastiki ya inchi 4, urefu wa mita moja, yaliyozibwa ncha zote, yanatosha. Yafunge nyuma ya kiti, kafi lisiyagonge, na yaning'inie sentimita 2 au 3 juu ya maji mtu akishakaa. Yakizama yote mawili, chombo kinakuwa kizito. Yakiwa juu sana, mtu anainama mno kabla hayajamzuia, anaogopa. Kagua gundi ya vizibo kila mara, kwani bomba lililoingia maji linavuta chini upande wake.

Kafi liwe jepesi, na mabapa yake mawili, moja kila ncha, yapangwe kwenye mstari mmoja ili asilazimike kuzungusha kiganja. Mwenye mkono dhaifu mkatie utepe wa tyubu ya baiskeli, uzunguke kiganja na mpini, lakini mkono uchomoke ukivutwa. Aliyepatwa na kiharusi akabaki na mkono mmoja, wekeeni nguzo fupi mbele yake ambayo katikati ya kafi itazungukia. Na wakati wa kumbeba, asivutwe kwa mkono uliopooza, bega linateguka upesi.

Jaketi la kujiokolea lijaribiwe penye maji ya kiunoni kabla ya kwenda kokote: je, uso unabaki juu? Miguu iliyopooza huelea namna isiyotabirika, na jaketi lenye maboya mengi mgongoni linaweza kumlaza kifudifudi.

Siku za kuanzia chagua maji mafu, bahari isipopanda wala kushuka sana. Bamvua, yaani siku za maji makubwa, ikitoa maji, utajikuta unambeba mtu hatua nyingi juu ya tope.

Nitumie vipimo vya kila mmoja: upana wa nyonga, urefu kutoka kitako hadi chini ya mfupa wa bega, uzito, na mkono upi una nguvu. Nitakuchorea viti.

Wako,
Hamisi