Risala ya wahitimu wa ufundi stadi kwa mgeni rasmi, Tanga

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi na walezi, wahitimu wenzetu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi chini ya turubai katika joto hili la Tanga. Tumeambiwa risala isiwe ndefu. Tutajitahidi, ingawa fani zinazohitimu leo ni nne na kila moja ilitaka isomewe risala yake: majokofu na viyoyozi, uchomeleaji, bomba, na umeme wa majumbani.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mtaani bado wanasema ufundi ni wa aliyefeli. Anayesema hivyo, friji yake ikigoma siku mbili kabla ya Idi, ndipo anapojua fundi mzuri hapatikani kwa kupigiwa simu mara moja. Hatukuja kukwambia kwamba shahada haina maana. Tumekuja kueleza kazi ambazo kijana wa kidato cha nne, na hata wa darasa la saba, anaweza kuzifanya akalea familia, pesa yake inatoka wapi na inapotelea wapi, ili tutakapofika kwenye maombi uone kwa nini tunaomba hivyo na si vingine.

Tuanze na majokofu, maana huko ndiko mafundi wachache na kazi nyingi. Tanga ni mji wa samaki na wa joto. Kuanzia wauza samaki wa Deep Sea hadi hoteli za Raskazone, kila mmoja ana kitu cha kupoza, na chumvi ya bahari inakula mapezi ya kiyoyozi cha nje haraka kuliko bara. Kosa kubwa la fani hii ni lile neno "gesi imeisha". Gesi ya friji haiishi kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, kwa hiyo ikipungua, pana tundu. Fundi anayejaza gesi bila kutafuta tundu ataitwa tena baada ya wiki chache, na mara ya tatu hataitwa.

Utaratibu wenyewe hauna siri. Jaza naitrojeni kavu, pakaa povu la sabuni kwenye maungio, ona linapochemka. Ziba. Badilisha filta draya, kichujio kinachonyonya unyevu, kila unapofungua mfumo, hata kama ya zamani inaonekana nzima. Vuta hewa kwa pampu ya vakyumu si chini ya nusu saa. Hapa ndipo wengi wanapokatisha njia, na unyevu uliobaki ndani huenda kuganda kwenye mdomo wa kapilari, lile bomba jembamba la gesi: friji inapoza, inaacha, barafu ikiyeyuka inapoza tena, na mteja anadhani kompresa imekufa. Mwisho pima gesi kwa mizani. Friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia gesi ya R600a, na ndogo zake huchukua makumi machache tu ya gramu. Kiasi kamili kimeandikwa kwenye kibandiko cha nyuma. Ukikisia ukazidisha, bomba la kurudi kwenye kompresa linaota barafu na kompresa inalemewa. Na gesi hiyo inawaka kama ya kupikia, kwa hiyo kuchomelea bomba ambalo halijamalizwa gesi ni kuchezea uhai.

Vifaa vyake ndivyo vinavyowazuia vijana: pampu ya vakyumu, geji, mizani ya kidijitali, mtungi wa naitrojeni, seti ya kuchomelea shaba. Ni ghali kuliko boksi la vifaa la fani nyingine yoyote hapa. Hiyo ndiyo sababu mafundi ni wachache, na ndiyo sababu fani inalipa.

Kwenye uchomeleaji mambo ni kinyume. Mashine ni rahisi kupata, karakana ziko kila kona ya Ngamiani, ushindani ni mkali. Anayepona ni yule anayejua hesabu ya kukata. Chukua grili moja ya dirisha, upana sentimita 120, urefu 150, ya nondo mraba za milimita 12. Ukiweka nafasi ya sentimita 12 unahitaji nguzo 9 za kati, pande 2 za fremu zenye urefu uleule, na vipande 4 vya kulala. Jumla ni kama mita 21, na kwa hesabu ya haraka nondo nne za mita 6 zinatosha. Lakini nondo nyingi dukani hazifiki mita 6. Pima, utakuta 5.8. Ukianza kwa kukata vile vinne vya kulala kutoka nondo moja, kinabaki kipande cha mita moja kisichofaa kitu, halafu vile 11 virefu vinatoka vitatu vitatu, vinakula nondo nne. Umetumia tano. Ukipanga kila nondo itoe virefu vitatu na kifupi kimoja, zinatosha nne. Nondo moja kwa kila dirisha, nyumba ina madirisha manane: hiyo ndiyo faida ya kazi nzima, na mafundi wengi wanaitupa kwenye chuma chakavu kisha wanalalamika kwamba wateja ni wabahili.

Baada ya hapo ni mkono. Vijiti vya kuchomelea vya E6013 vya milimita 2.5 vinataka kama ampea 70 hadi 90. Kwenye bomba la mraba lenye unene wa milimita 1.5 anza chini ya hapo, la sivyo unatoboa. Ondoa magamba, sugua, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Kwa upepo wa bahari wa hapa, ungio lililolala usiku mmoja bila rangi linaanza kuwa jekundu asubuhi.

Bomba tutalipitia haraka. Mabomba ya plastiki ya PPR yanaunganishwa kwa joto la nyuzi 260: la milimita 20 sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8, kisha unaingiza moja kwa moja bila kuzungusha. Ukichelewesha, plastiki inajikunja ndani na kuziba njia, na mwenye nyumba atakuja kulaumu tenki kwa maji dhaifu bafuni. Pima kwa presha kabla ya lipu. Kubomoa lipu ya mtu ni hasara inayokula malipo ya wiki.

Umeme una jambo lake, Mheshimiwa. Kazi yenyewe vijana wanaijua: waya wa milimita 1.5 za mraba kwa taa, 2.5 kwa soketi, 6 kwa jiko, swichi ya usalama ya miliampea 30, na earthi inayopimwa, si inayochimbiwa tu. Lakini fomu ya nyumba inayopelekwa TANESCO, shirika la umeme, inasainiwa na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Kijana asiye na leseni anatandaza nyaya za nyumba nzima, kisha anatafuta mwenye muhuri, na sehemu nzuri ya malipo inakwenda kwenye muhuri. Kinachomtoa hapo ni cheti na muda wa kazi unaothibitishika.

Kuhusu cheti, tunaomba wazazi wasikie nao. Vyeti vya ufundi stadi vya NVA vina ngazi tatu, na aliyefika ya tatu hajafika ukutani. Anaweza kuendelea na masomo ya ufundi ya juu. Fundi aliyejifunzia mtaani naye ana mlango: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inarasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, anapimwa kwa vitendo, anapewa cheti bila kurudi darasani miaka miwili. Tunajua mafundi wazuri kuliko sisi ambao hawajui kwamba utaratibu huo upo.

Si kila kazi isiyo na shahada tungemshauri kijana. Bodaboda inaleta pesa ya leo, lakini baada ya miaka mitano dereva anabaki na pikipiki iliyochoka na ujuzi uleule. Ushonaji ni mzuri kwa anayejua kwamba Januari ya sare za shule ndiyo inayobeba miezi mikavu. Na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, limewafanya vijana wengi wa hapa kutamani uchomeleaji. Ni sawa, ila uchomeleaji wa bomba la mafuta unataka kupimwa kwa viwango vyake, kila ungio linakaguliwa, na kazi ya ujenzi huisha ujenzi ukiisha. Ajifunze kwa sababu ya bomba, lakini ajue na grili.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tuna maombi manne.

La kwanza, nafasi za mafunzo kazini. Viwanda na taasisi za hapa wakitupokea kwa miezi michache, watupe kazi na fundi wa kusimama naye. Kijana anayetumwa chai na kufagia karakana harudi na ujuzi.

La pili, sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Madawati, milango ya madarasa na matengenezo ya vyoo vya shule ni kazi tunazoziweza. Tatizo liko kabla ya zabuni: kikundi kisajiliwe, kiwe na TIN, yaani namba ya mlipakodi, na akaunti ya benki, kiingie kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Tunaomba halmashauri iweke afisa mmoja, siku moja kwa wiki, wa kukaa na vikundi mpaka wamalize usajili.

La tatu ni mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya vijana. Tunaomba vikundi vya ufundi vipimwe kwa orodha ya vifaa na kazi vilizonazo mkononi, na marejesho yaanze baada ya vifaa kufika.

La nne ni la chuo. Karakana ya majokofu ina mtungi mmoja wa naitrojeni na pampu moja ya vakyumu kwa darasa zima. Nusu saa ya kuvuta hewa, zidisha kwa makundi sita, ni saa tatu, na kipindi kimekwisha kabla kundi la mwisho halijashika kifaa. Pampu mbili na mizani mbili zingebadilisha hali hiyo muhula ujao.

Mheshimiwa mgeni rasmi, grili iliyo mlangoni ulipoingilia imetengenezwa na wahitimu hawa. Tunaomba ukitoka uikague maungio yake.

Tunaomba kuwasilisha.