Asiisaini Ile Karatasi

Majengo, Dodoma
14 Juni 2025

Mpendwa Mama Neema,

Mbukwenyi. Ujumbe wako kuhusu ajali ya mdogo wako uliingia jana usiku nikiwa nafunika mashine, nikausoma mara mbili, usingizi ukaniruka. Nimeona jambo hili halimaliziki kwa simu, kwa hiyo naandika, na kesho alfajiri nitampa kondakta wa basi la Manyoni akuletee. Msomee mama na wajomba taratibu, hadi mwisho.

Kwanza mgonjwa wetu, mdogo wako. Nimetoka wodini saa kumi leo. Mguu wa kulia umeshawekewa vyuma, uvimbe umepungua, na uji niliompelekea ameumaliza. Usiku maumivu bado yanamsumbua. Daktari kasema hawezi kukanyaga chini kwa wiki kadhaa, na vyuma vyenyewe huenda vikaja kutolewa baadaye, yaani operesheni nyingine. Hilo la operesheni nyingine naomba ulishike, ndilo linalobeba barua yangu yote.

Sasa uliloniuliza. Ndugu wa dereva wa lile gari la kuita kwa simu alilokuwa amepanda wamefika nyumbani na laki tano na karatasi iliyochapwa, wanataka mama asaini ili "tumalizane". Mama Neema, asisaini. Wala wewe usisaini kama shahidi. Mdogo wako ni mtu mzima mwenye akili zake, madai ni yake, na hata yeye nimemwambia leo asiguse kalamu. Karatasi uliyonipigia picha ina mstari mmoja katikati: kwamba anapokea kiasi hicho "kama fidia kamili na ya mwisho na hatakuwa na madai mengine yoyote". Mstari huo ndio uliowaleta Manyoni. Akishausaini, mfupa ukigoma kuunga mwezi wa nane, au vyuma vikitaka kutolewa mwakani, gharama ni za kwenu peke yenu.

Unajua nasema nikiwa nimeumia. Machi mwaka jana nilipanda gari la kuita kwa simu hapa Majengo, mvua inanyesha, nina mzigo wa sare za shule napeleka Nkuhungu. Kijana akataka kulipita pikapu lililokuwa linakata kulia, tukaingia ubavuni mwake. Mtulinga wangu wa kushoto ulivunjika. Siku ya nne tu, mjomba wake yule kijana alikuja na laki tatu na karatasi kama hiyo yenu. Nilikuwa nadaiwa kodi ya fremu, mkono umening'inizwa shingoni, na nakuambia ukweli, kalamu nilikuwa nimeishika. Jirani yangu anayefanya kazi ya usaidizi wa kisheria alikuwa ameingia kunijulia hali. Aliniuliza swali moja: "Daktari amekwambia utashona lini?" Sikuwa na jibu. Akaniambia, "Basi hujui unadai kiasi gani, na huwezi kusema umelipwa chote." Nikairudisha kalamu. Nilikuja kushona tena baada ya miezi mitano, na mwezi wa kwanza niliweza kupinda mikanda na kutia vifungo tu.

Simchukii yule kijana wenu. Naye ana mama, na kwa nilivyosikia alilia pale barabarani. Lakini kuna jambo ambalo ndugu zake huenda hawalijui: mikataba ya bima ya magari kwa kawaida humkataza mwenye gari kukubali kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni ya bima. Wanapozunguka na karatasi na laki tano wanaweza kuipa kampuni sababu ya kukataa kulipa, na hapo wataumia wao na ninyi. Waambieni hivyo kwa heshima, wakaribisheni chai, warudi na fedha zao. Wakitaka kusaidia, wasaidie gharama za hospitali, na waandikiwe kwamba ni msaada wa matibabu wa kiasi fulani, tarehe fulani, bila neno "mwisho" popote.

Habari njema ni hii. Namba ya gari uliyonitumia nimeiingiza kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka ya kusimamia bima. Mtu yeyote anaweza kuangalia humo kwa simu yake. Bima ipo hai hadi Septemba, ni ile ndogo, ya mtu wa tatu, na imekatwa kama ya gari la biashara la abiria. Nilishusha pumzi, kwa sababu hapo ndipo mimi nilipokwama. Gari langu lilikuwa na namba ya njano, ya binafsi. Kwenye kioo stika ipo, tarehe haijapita, mtu unaridhika kabisa. Nilipopeleka madai, barua ikarudi: gari limekatiwa bima ya matumizi binafsi, siku ya ajali lilikuwa limebeba abiria wa kulipa, kwa hiyo kampuni haihusiki. Mistari minne tu. Nililia, Mama Neema. Tangu siku hiyo kila gari likija ninaangalia kwanza rangi ya namba: njano ni binafsi, nyeupe ni ya biashara. Mwambie na Neema huko chuoni afanye hivyo.

Mimi ikabidi nimfuate mwenye gari. Yule kijana alikuwa analipeleka kwa hesabu, kila jioni anampelekea mwenye gari fedha yake, na sheria inamtazama mwenye gari kama mtu aliyeifanya kazi ile kupitia mkono wa dereva. Tulimwandikia barua ya madai, akanyamaza. Tukafungua shauri, akaja na wakili wake, tukakubaliana kwa maandishi, na makubaliano yakaingizwa mahakamani yakawa na nguvu ya hukumu. Milioni nne na laki nane, kwa awamu nne. Tatu ameshalipa. Linganisha na ile laki tatu ya siku ya nne.

Wale wenye programu ya simu ya kuitia magari waliniambia wao wanaunganisha tu abiria na dereva, dereva si mwajiriwa wao. Jibu hilo hata ninyi mtapewa. Msigombane nao sana sasa. Wanachonacho cha maana ni rekodi ya safari: saa aliyopanda, alikotoka, alikokuwa anakwenda, jina la dereva, namba ya gari, nauli. Hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba mdogo wako alikuwa abiria wa kulipa, hakuwa amepewa lifti. Aripoti ajali ndani ya programu hiyohiyo, ili wasije wakasema hawakuarifiwa.

Na hapa kuna kitu kilichonishtua leo. Simu yake ipo kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda, kioo kimesagika, haiwaki. Alikuwa anataka kumpa kijana mmoja wa pale wodini kwa elfu kumi na tano auze vipuri! Nimeichukua. Nimeifunga kwenye kitambaa, iko kwenye droo ya cherehani langu, na laini yake bado imo.

Kuhusu polisi. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, alipewa siku ileile ya ajali, tarehe 29 Mei, na daktari ameijaza, nimeiona kwa macho yangu. Ni karatasi nyepesi, tayari imechanika kwenye mkunjo na ina doa la dawa pembeni. Nimeitoa kopi tatu, mbele na nyuma. Mwenzangu, ile karatasi ndiyo inayounganisha mguu wake na ajali ile. Bila hiyo mtu anaweza kusema alianguka kwenye ngazi. Sasa kuna mwanamume anazunguka wodini, amevaa koti, anajitambulisha kuwa ametumwa na ofisi ya wakili, ameomba akabidhiwe PF3 halisi na asainiwe kwamba atapewa theluthi ya fidia. Kishoka huyo. Nilimwomba jina la wakili wake nilitafute kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama unaoonyesha mawakili waliosajiliwa. Akasema ana haraka. Mgonjwa nimemwambia asimpe mtu huyo hata namba ya simu.

Trafiki watatakiwa kutoa ripoti ya ajali, ramani ya eneo na ripoti ya ukaguzi wa gari. Hizi haziletwi nyumbani, lazima mtu azifuatilie, na nitazifuatilia mimi. Dereva akipelekwa mahakamani kwa kosa la barabarani, watu wengi wanadhani faini atakayolipa ndiyo fidia ya majeruhi. Ile ni ya serikali. Mdogo wako hatapata hata mia humo. Lakini nakala ya hukumu tunaihitaji sana, maana dereva akitiwa hatiani na rufaa ikawa haipo, hukumu hiyo inakuwa ushahidi thabiti kwenye madai yetu. Kwa hiyo msikubali kuombwa mkamsihi polisi aifute kesi. Najua wajomba wataona ni ukatili. Nami niliona hivyo.

Jambo la risiti naomba nikusumbue nalo kidogo. Mahakama inagawa fidia sehemu mbili. Maumivu na ulemavu, hakimu anapima mwenyewe. Lakini fedha zilizotoka mfukoni na kipato kilichopotea, lazima vitajwe kimoja kimoja na vithibitishwe. Mimi kwenye matibabu sikuwa na shida, risiti nilikuwa nazo. Kwenye kipato wakaniuliza, "Fundi cherehani unathibitishaje ulikuwa unapata kiasi gani?" Kilichoniokoa ni daftari langu la wateja, lile la jalada la bluu unalolijua. Mle kuna kifua, kiuno, urefu, bei, malipo ya awali, tarehe ya kuchukua. Januari imejaa kurasa kumi na moja. Aprili ni nyeupe tupu. Wakili wa upande wa pili alilifungua, akaipitia Januari, akafika Aprili, akaguna, hakuuliza tena.

Sasa mdogo wako anauza simu na chaji pale Sabasaba, kila anachonunua kwa jumla analipa kwa simu. Taarifa za miamala yake ya miezi sita tutaomba kwa kampuni ya simu. Wewe huko nyumbani tafuta kile kidaftari chake cha mkopo wa kikundi, pamoja na leseni ya biashara au kitambulisho cha mjasiriamali kama anacho. Na nauli zako za kuja na kurudi Manyoni, tiketi zote, tia kwenye bahasha moja. Usizitupe kwenye basi.

Muda tunao. Madai ya madhara kama haya sheria inatoa miaka mitatu tangu siku ya tukio, basi asikutishe mtu kwamba mkichelewa wiki hii mmekosa. Kinachotaka haraka ni taarifa kwa kampuni ya bima. Mwenye gari anapaswa kuitoa mwenyewe, ila tusimtegemee. Tutaandika na sisi, tukabidhi kwa mkono, na nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakizungusha, TIRA makao makuu yako hapahapa Dodoma, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na Sheria ya Bima ya 2009. Kupeleka lalamiko kwake ni bure.

Jumatatu nimefunga fremu. Asubuhi naanza kituoni kuulizia ripoti, kisha nakwenda na yule jirani yangu msaidizi wa kisheria hadi wodini akaongee na mdogo wako mwenyewe, asikie kwake, aamue yeye. Mchana napeleka simu kwa fundi hapa sokoni. Amesema kioo cha kuazima kinatosha kuiwasha tukapiga picha ile safari kabla ya kitu kingine chochote.

Wewe niletee kile kidaftari, na picha ya ile karatasi ya ndugu wa dereva iliyo safi zaidi, ile uliyotuma kidole chako kimefunika tarehe. Na umwambie mama mgonjwa ameniulizia mlenda wake. Nitampikia, lakini amesema wa kwangu hauna karanga za kutosha.

Nawasalimu wote, na shemeji pia.

Rafiki yako,
Mama Baraka